Mwanza mpaka Kasumbalesa na magunia 80 ya dagaa: siku sita za kutembea, siku nane za kusimama

Nilirudi mwezi wa saba 2025 lakini ndo kwanza nimepata muda wa kukaa na kuandika. Nimeunga kutoka kwenye daftari langu la matumizi, risiti na picha za kwenye simu, kwahiyo tarehe na bei ni za kweli ila mazungumzo nimeyaandika kwa jinsi ninavyoyakumbuka. Nauza dagaa, huwa natuma mzigo na kupokea hela kwa simu, safari hii nikasema hapana, naenda nao mwenyewe mpaka Kasumbalesa, pale Zambia inapopakana na Kongo, kwa mteja wangu wa Kongo nione siku zangu zinaliwa wapi. Maana mzigo ukitoka soko la Kirumba, Mwanza, naambiwa wiki moja, unafika wiki mbili na nusu, na mteja anakata bei.

Siku ya 1, Jumanne 8 Julai. Mwanza – Nzega

Tulitaka kupakia siku ya Sabasaba ikashindikana, vibarua wengi hawakuja. Jumanne saa moja asubuhi tukaanza. Semi moja tumechangia watu watano, mimi nina magunia 80, nauli Sh 22,000 kila gunia. Dereva ni mtu mzima, kila mtu anamwita Mzee na mimi nikamwita hivyo hivyo, yeye ananiita mama. Tandiboi, msaidizi wake, ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mpole sana.

Kabla gunia halijashonwa unachukua dagaa kiganjani unawakunja ngumi. Wakivunjika kwa mlio, kama majani makavu, hao wamekauka. Wakijikunja tu bila kuvunjika, warudishe juani hata kama gari linapiga honi, kwasababu huko mbele hakuna mtu atakayekuanikia. Nilikagua yote 80. Tukatoka saa kumi jioni, tukalala Nzega, gesti Sh 15,000, wao wakalala kwenye gari.

Kwa wanawake wenzangu mnaotaka kusafiri na mzigo: ongea na mwenye gari kabla, siyo dereva peke yake, na mkubaliane kwamba kila usiku gari linalala karibu na gesti yenye taa na walinzi. Mzee alilizingatia hilo safari nzima bila kukumbushwa.

Siku ya 2, Jumatano. Nzega – Tabora – Mpanda

Zamani mzigo wa Mwanza kwenda Tunduma ulikuwa unazunguka Singida, Dodoma, Iringa, Makambako, Mbeya. Sasa ipo lami ya Tabora mpaka Mpanda, ile iliyojengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na nyie mnaolalamika kwamba barabara hazina faida njooni mpite hapa. Mzee anasema njia hii wakati wa masika ilikuwa ukikwama unapika, unalala, unafua, unasubiri jua. Sisi tulikunywa chai Tabora, tukala mchana Sikonge (wali maharage na mlenda, Sh 3,000), usiku tuko Mpanda.

Sikonge nilinunua asali lita tano. Mama aliyeniuzia aliniuliza naenda wapi, nikamwambia Kongo, akaenda ndani akaleta mfuniko mwingine akaufunga na nailoni mara mbili na akasema asali inayosafiri haifungwi kama ya nyumbani. Haikumwagika hata tone mpaka narudi.

Siku ya 3, Alhamisi. Mpanda – Sumbawanga – Tunduma

Asubuhi tukapita Sitalike, viboko wamejazana kwenye maji ya mto Katuma kama mawe. Kwenye hifadhi ya Katavi mwendo ni wa taratibu na usisimame ovyo. Sumbawanga upepo na baridi, nikavaa kila kitu nilichonacho.

Kuanzia Sumbawanga kwenda Tunduma unaona nguzo kubwa za umeme za mradi wa TAZA, kilovoti 400, za kuunganisha gridi yetu na ya Zambia. Hapo Mzee akaniambia kitu ambacho sikuwa nakijua, kwamba mizigo mingine ya Kongo haipiti kabisa Tunduma, inashuka bandari ya Kasanga kule ziwa Tanganyika na kuvuka kwa meli. Ila kwa Lubumbashi na miji ya migodi, barabara ya upande wa pili wa ziwa ndo tatizo, kwahiyo sisi bado tunazunguka kwa Zambia.

Kabla ya mpaka kuna mizani. Dagaa hawana uzito, tukapita haraka. Tunduma saa nne usiku. Mpaka hapo ni siku tatu kamili na nikawa najisemea moyoni, wiki moja inawezekana.

Siku ya 4, Ijumaa. Tunduma

Asubuhi wakala wetu wa forodha akapiga simu. Kibali cha kusafirisha mazao ya uvuvi kinasema kilo 4,000 kwa magunia yangu, orodha ya mzigo inasema kilo 4,400. Alieandika orodha alihesabu gunia kilo 55, kibali kilihesabu 50. Kilo tano tu kila gunia! Makaratasi mengine yote yako sawa, cheti cha asili, cheti cha afya, ankara, ila namba hizo mbili hazifanani, na mfumo haujui kwamba dagaa ni wale wale. Na kwasababu tumechangia gari, wenzangu wanne nao wamesimama kwa ajili yangu.

Marekebisho yanafanyika kwa mtandao lakini anayetakiwa kuyapitisha yupo Mwanza, na Ijumaa mchana hajapatikana. Maana yake Jumatatu.

Nawaambia wanaokuja nyuma: kabla gari halijatoka, weka karatasi zote mezani, kalamu mkononi, soma uzito, idadi ya magunia, jina la mpokeaji na namba ya gari kwenye kila karatasi. Usimwachie mtu. Dakika ishirini zile mimi sikuzitumia na zimenila siku nne.

Siku ya 5 na 6, Jumamosi na Jumapili. Tunduma

Mji huu unaishi kwa malori. Unavuka mtaa uko Nakonde, Zambia. Watu wanavuka na ndoo, na baiskeli, na watoto mgongoni, hela mbili zinatumika duka moja. Gesti Sh 20,000, chai na chapati mbili Sh 1,500, chakula cha mchana 4,000. Wanaobadilisha hela wanakaa na mabunda mkononi, kwacha moja ilikuwa inacheza kwenye shilingi 100 na kidogo. Angalia bei kwenye simu kabla hujawasogelea, na hesabu mwenyewe tena ukiwa umesimama pale pale. Pia Zambia wametoa noti mpya tangu 31 Machi 2025, noti za zamani zilipewa muda mpaka mwisho wa Machi 2026, kwahiyo omba noti mpya tu.

Sasa kilichoniumiza. Julai Tunduma usiku ni baridi na umande mzito. Jumamosi saa mbili asubuhi tulifungua turubai, kwa ndani kulikuwa na matone yamepangana kama jasho, na upande wa kushoto ambako turubai limechanika maji yalikuwa yamechuruzika mpaka kwenye gunia. Nikaingiza mkono, nikachukua, nikakunja ngumi. Hawakuvunjika. Dagaa wakishika unyevu wanalegea, baadae wanageuka njano na harufu inabadilika, na harufu hiyo haitoki.

Tandiboi akapanda juu akaanza kushusha magunia ya pembeni tuyaweke juani, tulishusha kumi na moja. Dereva mmoja wa Kizambia aliepaki jirani, yeye anarudi kwao na mbolea, alikuwa anatuangalia. Akashuka, hakusema kitu, akavuta turubai la akiba kutoka chini ya trela lake akalirusha kwetu. Mzee akamuuliza kiasi gani, akasema hapana, mtanirudishia Kapiri Mposhi huko Zambia, nitakuwa napumzika pale Jumatano. Hatumjui, hatujui hata jina lake! Tukafunika mara mbili, na kila siku saa nne tunafungua, saa kumi tunafunga.

Jumapili nilikaa na Mzee kwenye kivuli cha trela akanisimulia Tunduma ya zamani. Kabla ya 2019 unasimama upande wa Tanzania unamaliza, unavuka, unaanza upya upande wa Zambia, foleni mbili, ukaguzi mara mbili. Kituo cha pamoja kilifunguliwa 5 Oktoba 2019 na Magufuli na Lungu, wote wawili sasa marehemu. Toka hapo unakaguliwa upande unaoingilia tu. Mzee anasema tofauti ni kubwa na yeye hakubali mtu aseme kituo hakijasaidia kitu. Ila mifumo ya kompyuta ya forodha bado kila nchi na wake, sisi tuna TANCIS, wenzetu wana ASYCUDA, kwahiyo ile ile ankara yangu inaandikwa upya na mtu mwingine, na kila ikiandikwa upya kuna nafasi ya kukosea namba.

Mwaka 2024 Zambia ilipopigwa na ukame, Tanzania ilikubali kuwauzia mahindi tani 650,000, na mengi yalipita hapa hapa. Mzee alibeba safari kadhaa. Chakula cha watu wenye njaa kimepita kwenye geti hili hili, ndo maana nasema saa moja ikipunguzwa hapa siyo jambo la wafanyabiashara peke yao.

Siku ya 7, Jumatatu. Tunduma – Nakonde

Saa tano asubuhi kibali kimerekebishwa. Saa kumi na mbili jioni gari limevuka. Yaani kazi yenyewe, ukiwa na karatasi sahihi, ni siku moja tu, na hilo naliandika kwa sababu lazima lisemwe.

Mimi nilivuka kwa miguu kama abiria. Mtanzania hahitaji viza ya Zambia. Dirisha la afya wakamuomba tandiboi kadi ya njano, akakimbia kwenye gari akaleta kadi ya njano ya bima, ile ya COMESA, jumuiya ya soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tofauti muielewe: kadi ya njano ya chanjo ni ya kwako wewe, ya homa ya manjano, ukichanja mara moja inatosha maisha yote ila uchanje angalau siku kumi kabla ya safari. Kadi ya njano ya COMESA ni bima ya gari kwa ajili ya watu wengine ukigonga nje ya nchi, na Tanzania ipo kwenye mpango huo japo COMESA yenyewe tulitoka mwaka 2000. Zote mbili ziwe kwenye mfuko mmoja.

Na saa! Zambia wako nyuma yetu saa moja, simu yangu ikishika mnara wa kwao inarudi nyuma, nikigeuka inakwenda mbele. Halafu wao wanahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Ukiambiwa na wakala mkutane saa nne, uliza ni saa nne asubuhi ya Tanzania (kwao ni tisa), au ni saa nne yao ya jioni (kwetu saa kumi na moja).

Nakonde nilikula nshima na kapenta kwa kwacha 50 kwa mama mmoja anaeongea Kiswahili kizuri tu, na akaniambia mchele unaouzwa Lusaka kwa jina la mchele wa Nakonde mwingi unatoka kwetu Kyela na Mbarali. Ukivuka mpaka unapata jina jipya.

Siku ya 8, Jumanne. Nakonde – Mpika

Tukatoka alfajiri. Kiswahili kilitusindikiza mpaka Isoka hivi, baada ya hapo kikaanza kukonda, na Mpika kikaisha kabisa. Nikajifunza mwashibukeni asubuhi na natotela kushukuru, ukiongezea mukwai watu wanafurahi.

Kipande cha kutoka Nakonde kwenda njia panda ya Chinsali ni kizuri. Reli ya TAZARA hapa inazungukia Kasama na kukutana tena na barabara Mpika, na sikuona behewa hata moja linatembea siku ile. Reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Wachina na Watanzania na Wazambia waliijenga kuanzia 1970 mpaka 1975, ilipangwa ibebe tani milioni tano kwa mwaka. Sisi tumepishana na malori mengi mpaka nikaacha kuhesabu, yote yanabeba vitu vya kubebwa na treni, shaba, mbolea, saruji, na yote yanakanyaga lami ile ile moja. Mpika ndo kuna karakana kubwa ya reli. Sasa wakati naandika hivi nchi mbili zimesaini na kampuni ya Kichina ya CCECC mkataba wa miaka 30 wa kuifufua, imetajwa dola bilioni 1.4. Mimi nasubiri kwa hamu, kwasababu siku treni ikichukua shaba, mashimo yatapungua kwa wanaobeba dagaa.

Lodge Mpika kwacha 300, umeme haukuwepo, mwenye lodge akanichemshia maji ya kuoga kwenye mkaa na hakutaka hela ya ziada. Ba mayo, akaniambia, umetoka mbali.

Siku ya 9, Jumatano. Mpika – Serenje – Kapiri Mposhi

Hiki kipande cha Mpika kwenda Serenje naomba kila anaepanga bajeti za barabara apitishwe kwa semi. Mashimo siyo mashimo tena, ni mabonde yenye kingo kali za lami. Mzee anaendesha upande wa kulia, wa kushoto, nje kabisa kwenye udongo, malori yanayokuja nayo yanafanya hivyo hivyo, mnaangaliana machoni nani atapisha. Kilomita karibu 235 tulitumia zaidi ya saa nane. Tairi moja ilipasuka. Tuliona semi mbili zimelala ubavu, moja imemwaga mifuko na wenye gari wamekaa wanailinda, wanachemsha ugali kando ya barabara. Tuliwapa maji lita kumi na kilo kadhaa za dagaa kutoka kwenye gunia langu la mfano.

Tairi iliyotumika kwacha 2,500 pamoja na fundi. Hiyo peke yake, ukigawa kwa magunia yote, inaingia kwenye bei ya dagaa sokoni Lubumbashi, na anayeilipa ni mama anaenunua kikombe kimoja jioni.

Kapiri saa mbili usiku. Yule dereva wa turubai alikuwepo! Kakaa anakunywa chai. Tulimrudishia turubai limekunjwa vizuri na mimi nikampa chupa ya asali ya Sikonge, akaipokea kwa mikono miwili.

Kama unasafiri kwa basi Zambia ujue mabasi hayatembei kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri kwa saa za kwao. Ukikutwa njiani mnalala kwenye basi, beba shuka na maji.

Siku ya 10, Alhamisi. Kapiri – Ndola – Kitwe – Chingola

Siku nyepesi. Wanapanua barabara ya Lusaka–Ndola kuwa njia mbili mbili, kilomita 327, vumbi na mchepuko hapa na pale. Kutoka Ndola kwenda Kitwe na Chingola barabara ni safi, tozo kila baada ya muda, weka noti ndogo karibu. Jioni tukaingia barabara ya Kasumbalesa, imejengwa upya kwa ubia na sekta binafsi, lami laini kabisa. Na juu ya lami hiyo laini, malori yamesimama.

Siku ya 11 mpaka 13, Ijumaa – Jumapili. Foleni ya Kasumbalesa

Sina ya kueleza sana, tulikuwa tunasogea urefu wa gari moja, tunazima, tunasogea. Ijumaa kutwa labda kilomita mbili. Madereva wanalala chini ya trela, wanapika, wananyoana. Mchuuzi wa kike wa Kizambia anapita na vitumbuwa kwacha 2 kimoja na chai ya chupa, na mwingine anakodisha kiti cha plastiki. Choo kwacha 5 na ni mbali, kwa mwanamke hiyo ndo shida kubwa kuliko zote za foleni. Pale ambapo malori mamia yanalala barabarani kila siku hakuna choo cha umma! Kujenga vyoo kando ya foleni hakuhitaji mkutano wa marais. Usiku nilikuwa narudi Chililabombwe kwa teksi ya kuchangia, nalala, asubuhi narudi.

Kwanini hapa ni pagumu hivi? Niliuliza kila niliemkuta. Wanaokwenda wanapishana na wanaorudi na shaba na kobalti kwenye barabara moja. Kila upande unakagua kwa zamu yake. Na hiki ndo kilinishangaza zaidi, Zambia wanatumia ASYCUDA na Kongo wanatumia SYDONIA, na kumbe ni programu ile ile moja ya UNCTAD, shirika la biashara la Umoja wa Mataifa, moja ina jina la Kiingereza nyingine la Kifaransa. Yaani ni ndugu wa baba mmoja, na bado karatasi zangu ilibidi ziingizwe upya.

Halafu kuna maamuzi ya ghafla. Agosti 2024 mpaka huu ulifungwa upande wa Zambia baada ya mvutano kuhusu vinywaji vilivyozuiwa kuingia Kongo, na malori yakabaki pale pale yalipo. Aprili 2025 kwetu tulizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini kwa siku kadhaa na kisha tukafungua. Kila serikali ina sababu zake, mimi naongea kama mwenye mzigo unaooza: tupeni siku saba za taarifa, gari lililokwisha toka liachwe lifike.

Na mkanganyiko wa jumuiya. Kongo wameingia Afrika Mashariki 2022, kwahiyo mimi na mteja wangu tuko nyumba moja. Lakini kati yetu ipo Zambia ambayo haimo. Zambia na Kongo wako COMESA, sisi hatumo. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, tupo wote watatu. Ule utaratibu rahisi wa Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo, wa mzigo usiozidi dola 2,000, cheti unapewa pale pale mpakani, unautumia vizuri ukienda Namanga au Mutukula. Njia hii haukusaidii, inabidi uwe na cheti kamili cha asili kabla hujaondoka.

Siku ya 14, Jumatatu 21 Julai. Kasumbalesa

Asubuhi niko karibu na geti nikasikia nyuma yangu mtu anaita, "Jambo yenu!" Kiswahili kimerudi. Kilituacha Mpika, kimetusubiri huku mwisho wa Zambia, kikiwa na sauti nyingine kidogo. Alikuwa mteja wangu, miaka minne tunaongea kwa simu na hatujawahi kuonana. Kavuka kuja kunichukua, kanikumbatia mpaka kilemba kikaanguka. Ameniletea bukari na sombe kwenye bakuli limefungwa na kitenge, tukala kwenye ngazi ya gari mimi na yeye na Mzee na tandiboi, bukari ni ugali wetu na sombe ni kisamvu.

Kisha akafuta mikono, akapanda mwenyewe kwenye trela. Hakuchukua gunia la juu. Akavuta la tatu kutoka chini, akatoboa kidogo, akachukua dagaa kiganjani, akakunja ngumi karibu na sikio lake. Wakavunjika. Akaenda la pili, la tatu, saba nzima. Akafika upande wa kushoto. Pale hawakuvunjika. Akanusa, akanitazama, akanusa tena.

"Hii mbili hapana, mama. Ingine yote iko muzuri."

Magunia mawili kati ya 80, yote ya upande ule wa Tunduma. Akayachukua kwa nusu bei ya chakula cha kuku. Bei ya yale 78 hakuikata hata senti, na kwa mara ya kwanza nililipwa siku ile ile, nusu dola taslimu na nusu kwa simu.

Gari likaingia Kongo saa tisa alasiri kwa saa za huku, mteja wangu ndo mwenye kukamilisha ushuru upande wake. Mzee akapiga honi mara mbili. Mimi nikarudi Kitwe, basi mpaka Nakonde kwacha 580, njia ile ile, mashimo yale yale, siku mbili.

Hesabu kama nilivyoiandika kwenye daftari nikiwa kwenye basi: nauli ya mzigo Sh 1,760,000, kulala na kula siku zote 14 kama Sh 610,000, teksi na vyoo na chai za foleni Sh 140,000, hasara ya magunia mawili sijaijumlisha. Kutembea siku sita. Kusimama siku nane, nne zangu za karatasi, nne za foleni.

Mzigo wa Septemba nilikagua karatasi mwenyewe, uzito kilo 50 kila gunia kwenye kila ukurasa, na turubai jipya nimenunua mawili, moja la gari na moja la akiba la kumwazima mtu. Tunduma ulikaa siku moja na nusu. Kasumbalesa ulikaa siku tano.